Tochi ya Kikomando

Kwa muda mrefu nilikataa kwamba baba yangu haoni. Nilimkatalia kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, nikawakatalia majirani, na mwenyewe nikajikatalia kwa namna ambayo mtu aliyesoma chuo kikuu huiona ya busara: nilinunua tochi. Baba hakuwahi kusema macho yake mabovu. Alisema tochi mbovu. Nami, ambaye riziki yangu ni kuandika insha za kuwaonesha watu yale wasiyoyaona, nilikubaliana naye kabisa.

Anaishi peke yake Malindi ya Unguja, kwenye nyumba aliyozaliwa, na ndiye mshika ufunguo wa msikiti wa mtaani. Hutoka kabla ya alfajiri, akafungua, akawasha taa, akapangusa mikeka, wengine wakija wakute pako tayari. Tangu mama afariki, hiyo ndiyo kazi inayomtoa kitandani. Kaka yangu alishasema wazi: siku atakayosikia mzee haoni, anakuja kumchukua. Ana chumba tayari huko Dar, ghorofani, na feni na mapenzi tele. Baba angepata kila kitu huko isipokuwa mlango wa kufungua.

Kwa hiyo nikanunua tochi. Ya kwanza ilitoka sokoni Darajani, ya betri mbili, akasema ina mwanga wa mshumaa. Ya pili ya kuchaji. Akasema Wachina siku hizi hawaogopi Mungu. Ya tatu ya kuvaa kichwani. Aliitazama, akaniuliza kama nimesikia amepata kazi ya kuchimba dhahabu.

Nilipokwenda Dar kwa shughuli zangu nikapita Kariakoo, na muuzaji mmoja akanitolea kitu kizito, cheusi, kirefu kama mchi mdogo. "Mama, hii wanatumia makomandoo," akaninong'oneza, kana kwamba mimi na yeye tunapanga jambo. Sikuuliza makomandoo wanakwenda nayo wapi. Nikalipa.

Bandarini, begi langu likaingia kwenye mashine ya ukaguzi likatoka, likarudishwa ndani, likatoka tena.

"La nani hili?"

"Langu."

Mkaguzi alikuwa binti wa umri wa wanafunzi niliowahi kuwafundisha. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Fungua, mama."

Akatoa madira, akatoa sabuni, akatoa nguo nyingine ambazo nisingependa foleni izione, mwisho akaibuka na tochi.

"Hii nini?"

"Tochi."

"Tochi ina meno?"

Kweli ilikuwa na meno. Mdomoni ilikuwa na pete ya chuma yenye ncha, na muuzaji alinieleza ni ya kuvunjia vioo. Mimi niliyachukulia ni urembo. Binti akamwita mkubwa wake, mwanamume mpole wa kitambi, akaja akaipima tochi kiganjani.

"Mama, ukimpiga mtu na hii, haamki."

"Sina wa kumpiga."

"Kwani mume hana?" akauliza mwanamke nyuma yangu, mwenye kikapu cha vitunguu. Foleni ikacheka. Mwingine akapiga kelele kwamba boti itatuacha kwa ajili ya mama mmoja na rungu lake.

Mkubwa akabonyeza kitufe. Mwanga ukapiga paa, ukateremka, ukamwangukia bwana mmoja usoni. "Lahaula! Mnanitoa macho!"

Akauzima haraka. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Naandika insha."

"Za shule?"

"Za watu wazima."

Akamtazama binti. Binti akatazama chini. "Na hii ya kuandikia?"

"Ya baba yangu. Anakwenda nayo msikitini, alfajiri."

"Msikiti uko mbali?"

Nilifungua mdomo kusema mbali. "Nyumba ya tatu."

"Njiani kuna mashimo? Pori?"

"Hapana. Kichochoro tu. Ukuta huku, ukuta huku."

"Hakuna taa?"

"Ipo. Mbele ya mlango wake."

"Haiwaki?"

"Inawaka."

Hakuwa akinitega, masikini. Alikuwa anasubiri jibu linaloingia akilini ili aendelee na kazi yake, na mimi nilikuwa nimeyamaliza yote isipokuwa moja.

"Haoni," nikasema. "Baba yangu haoni."

Ndiyo mara ya kwanza kulitamka, mbele ya foleni nzima, dira langu likining'inia mkononi. Yule mwenye vitunguu akaacha kucheka. "Pole, dada yangu," akasema, akaanza kunikunjia nguo zangu kama vile tumekua nyumba moja.

Mkubwa akakohoa. "Hii itakaa na mabaharia. Ukishuka Unguja watakupa."

Nilisafiri nikiwa nimejificha nyuma ya gazeti. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi katika maisha yangu juu ya ukweli, na huo wangu ulikuwa umetolewa begini pamoja na sabuni.

Baba aliiwasha sebuleni, mchana kweupe. Akaielekeza ukutani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa chokaa.

"Hii kurunzi nayo afadhali," akasema. "Afadhali kidogo."

Nikaketi karibu yake. "Baba, tochi hazina makosa."

"Nani kasema zina makosa?"

"Wewe. Zote tatu."

"Basi nshazisamehe."

"Ni macho, Baba. Pengine mtoto wa jicho tu. Wanamtoa, hapa hapa Unguja, huna haja ya kuvuka."

Akaizima, akaipakata. Nilidhani atanifukuza. Aliposema, alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kulifikiria neno hilo mara nyingi peke yake.

"Na nikifungwa bendeji, ufunguo atashika nani?"

"Mtu yeyote. Siku chache tu."

"Ufunguo ukitoka mkononi haurudi, mama. Watasema mzee apumzike. Na kaka yako akisikia neno hospitali, huyo, boti ya mwanzo."

Kwenye karatasi ningepata jibu, nikalipamba na mfano mmoja au miwili. Pale nilimshika mkono tu, nikamwambia sitamwambia kaka, na sitamsemesha tena habari hiyo mpaka aanze mwenyewe. Nilirudi kwangu Ng'ambo, upande wa pili wa mji, nikijiuliza kama nimemheshimu au nimemtupa. Siku zilizofuata kila simu ilinishtua: nilijua ni jirani, na nilijua ameanguka.

Ikalia asubuhi moja, jua bado changa. Namba ya baba. Baba hapigi simu, hupokea tu, kwa hiyo nilishaanza kutafuta buibui kabla sijaipokea.

"Baba! Kuna nini?"

"Hamna kitu. Nimegombana na mtu."

"Alfajiri hii? Na nani?"

"Nnatoka kwenda msikitini, nimewasha kurunzi yako ya jeshi. Nnamuona mtu kasimama pembeni, mrefu, mweupe, anang'ara. Nikampa salamu. Kimya. Nikampa tena. Kimya. Nikamwambia, wewe, kwenu hukufunzwa kuitikia salamu? Nikamkoromea pale, na wazee wake nikawataja."

"Umemjua, basi?"

"Nilidhani jirani yetu wa juu. Si unamjua alivyo na kiburi."

"Kumbe?"

"Kumbe kanzu, mama. Wameianika jana, wakaisahau kambani."

Niliuma ncha ya mtandio.

"Cheka," akasema. "Cheka tu, nakusikia." Naye akacheka, akacheka mpaka akapaliwa, na mimi nikacheka na machozi yananitoka, sijui ya lipi.

"Na jirani mwenyewe," akaendelea alipotulia, "alikuwa nyuma yangu muda wote, anasikiliza anavyotukanwa. Hakucheka. Kanishika mkono, kaniambia, twende mzee, tukafungue. Ndiye aliyenipigia simu hii. Yuko hapa."

"Msalimie."

"Nshamsalimia vya kutosha leo." Nikasikia mtu akicheka karibu yake. "Ufunguo nimempa. Wa siku chache, nimemwambia, na chache ni chache. Sasa hao watu wa macho wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili, Baba."

"Njoo saa moja na nusu. Nitakuwa barazani."

"Na kaka?"

"Kaka yako usimwambie. Nitampigia mwenyewe," akasema, "nikishaziona namba zake."