Ukoko na Mvua ya Arusi Yangu

Bisha ukitaka, maana bila mbishi hadithi hii haina utamu. Nilipokuwa mtoto niliishusha mvua juu ya kijiji chetu cha Chundwa, mchana kweupe, na silaha yangu ilikuwa ukoko wa wali. Nyanya yangu akinisikia atasema mvua ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Nami sibishi. Nasema tu kwamba siku ile nilikuwa karibu sana.

Wewe uliyesoma ukamaliza utacheka. Cheka. Mimi shule niliiacha darasa la saba, mwalimu akatokwa na machozi (ya furaha, wanasema wenye wivu), na leo hakuna mashine ya boti kati ya Amu na Kizingitini inayokataa mkono wangu. Kwa hiyo nikikwambia jambo fulani lilifanya kazi, ujue nimelifungua nikalitazama ndani.

Nililelewa na nyanya huyo, Bi Zaina, mzaliwa wa Amu aliyeolewa Chundwa na akakataa kuhama hata baada ya babu kufariki. Alikuwa na kishamba nyuma ya nyumba, na kando yake jabia, lile tangi la mawe na chokaa linalokusanya maji ya mvua. Babu alilijenga kwa mkono wake. Visima vya upande wetu vina chumvi; chai ya maji ya kisima hata nzi huizunguka akaenda zake. Jabia likijaa, tunaishi. Likikauka, watu wanaanza kutazamana.

Sasa ukoko. Nyanya akipika wali wa nazi, chini ya sufuria hubaki ule ugumu mwekundu, unaong'aa mafuta, unaovunjika kwa mlio. Mimi sikuungojea uletwe kwenye sahani. Niliiinamia sufuria mpaka kichwa kikapotea ndani, mwiko mkononi, kwaru kwaru kwaru.

"Shee! Ata sufuria!" Nyanya huniita jina kwa kelele kutoka ukumbini, niiache. "Mla ukoko hunyeshewa siku ya arusi yake! Utaowa kwenye matope, wageni wakukimbie!"

"Nitawagawia miavuli, Nyanya."

"Miavuli utaitoa wapi, na hata kanzu ya Idi umeshaitoboa?"

Kila mtoto wa pwani ameambiwa maneno hayo. Wengine waliyaogopa. Tima, binti wa jirani, hakuwahi hata kunusa sufuria. Alikuwa na mipango na arusi yake tangu ana meno ya utoto. Mimi nilikwaruza. Kuoa kulikuwa mbali, ukoko ulikuwa karibu.

Basi mwaka mmoja masika yakakataa kuja.

Dalili zote zilikuja, ndilo lililonisumbua kichwa. Kaskazi ilikwisha, upepo ukasimama, joto likatuketia kifuani. Chungu, wale sisimizi, wakapanda ukutani wamebeba mayai yao. Kerengende wakajaa uani, wakiruka chini chini usawa wa magoti, na kila mtu anajua kerengende wakiruka hivyo mvua iko mlangoni. Nyanya alipowaona akachukua mtama na pojo alizoweka za mbegu, zote, akazipanda kwenye vumbi, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake: panda kavu, mvua ikukute uko tayari.

Mvua haikuja. Kusi ikaanza kuvuma, na mbingu zilikuwa safi kama sahani iliyolambwa.

"Kerengende wamesema urongo," alisema Nyanya, na sikuwahi kumsikia akimlaumu mdudu kabla ya siku ile.

Nilimkamata mmoja, nikamshika mabawa, nikamwuliza kisa. Alinitazama kwa yale macho makubwa. Nikamwachia. Labda naye alidanganywa na mwengine huko juu, na huyo mwengine na mwengine, na mwanzo wa uongo wenyewe haujulikani.

Ndipo akaja ami yangu Hamadi kutoka Mombasa. Alilichungulia jabia, akarudi barazani akafuta miwani yake.

"Mama, hapa utakunywa nini? Twende nikakuweke kwangu. Maji yako ndani ya nyumba, ni kufungua mfereji tu."

"Mbeu zangu zi mtangani, Hamadi. Siwezi kuziata."

"Mbegu za mtama, mama?"

"Ni mbeu."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Nyanya akasema, kwa sauti niliyodhani si yake, "Haya. Mwezi mwengine ukiandama na jabia li kavu, nitakuya."

Ami akaniangalia mimi. Sikuhitaji kuambiwa. Nyanya akienda Mombasa, mimi nilikuwa narudi Amu kwa baba, aliyekuwa na mke mpya, watoto wapya, na fimbo ile ile ya zamani.

Baada ya siku kidogo Nyanya akanituma nishuke ndani ya jabia nikachote yaliyobaki. Nilishuka na kata, kile kifuu cha nazi chenye mpini, nikainama kwenye kona iliyokuwa bado na maji. Kata ikagusa sakafu: kwaru, kwaru, kwaru.

Nikasimama. Sauti ile naijua. Sauti ile nimeila mwaka mzima. Ndani ya lile jabia tupu, sauti yangu ikirudi kutoka kila ukuta, nikasema kwa nguvu, "Kumbe mvua ninayo!"

Fikiri na wewe kabla hujacheka. Kama mla ukoko lazima anyeshewe siku ya arusi yake, na mimi nimekula ukoko kuliko mtoto yeyote wa Chundwa, basi mvua yangu iko mahali fulani imefungwa, inangojea arusi. Watu wote wanalia mvua, na mimi nimeikalia! Mpaka leo sijaona kasoro katika hesabu hiyo.

Nilimkuta Tima anafagia kwao.

"Tima, nataka kukuoa."

"Lini?"

"Leo, tukitoka chuo cha Kurani. Ili inyeshe."

Akaegemea ufagio akafikiri. Hakuuliza inyeshe vipi. Ukoko wangu ulikuwa na sifa mtaa mzima. "Mahari?"

"Manati yangu."

"Na mpira wake, usije ukanipa mti mtupu."

Arusi ilifungwa uani kwetu, kando ya jabia, baada ya alasiri. Kadhi alikuwa Athmani, kaka yake Tima, amevaa kofia ya karatasi ya mfuko wa saruji. Tima alijifunika leso ya mama yake, mikono ameichora maua kwa makaa. Wali ulikuwa mchanga, nyama ilikuwa vigae. Watoto wa mtaa walipiga vigelegele kwanza, halafu wakauliza arusi ni ya nani.

Nyanya akatokea mlangoni. Nilijua atatutawanya.

"Munateza nini?"

"Twaoana, Nyanya," nikasema. "Ili inyeshe. Si ulisema mwenyewe?"

Alitutazama: leso, makaa, kofia ya saruji. Akaingia ndani. Tulimsikia akifungua kasha. Alipotoka alikuwa na chetezo, na ndani ya chetezo kaa la moto na kipande cha udi, ule udi aliouficha, ambao hata kwa Idi hakuutoa.

"Arusi gani haina udi?" akasema. Akaweka chetezo mbele yetu, akasimama nyuma ya Athmani, mikono ameifumbata. Hakuwa anacheka.

Athmani akakohoa kama kadhi. "Shee, nimekuoza dada yangu Tima kwa mahari ya manati na mpira wake. Umekubali?"

Na hapo, ndugu yangu, tone likampiga kwenye kofia: pwa! Jengine likaangukia chetezo, likachemka. Tukatazama juu. Nyuma yetu, upande wa bahari ambao hakuna aliyekuwa akiuangalia, wingu lilikuwa limeshafunika minazi. Kisha ikamwagika. Kadhi alikuwa wa kwanza kukimbia, kofia imemlowea masikioni. Watoto wakatawanyika. Nyanya alikuwa akikimbia na ndoo, masufuria, mabeseni, hata kile chungu cha udongo kilichopasuka, akipiga kelele, "Alhamdulillahi! Shee, zibua bomba la jabia! Zibua!" Nami nilisimama katikati ya ua kama mnara wa msikiti, kifua mbele. Arusi yangu. Mvua yangu.

Ilinyesha kwa ghadhabu, kama mgeni aliyechelewa karamu ambaye kosa ni lake na anafokea wenyeji. Ilizizoa mbegu za Nyanya kutoka mchangani ikaenda nazo ilikotaka. Wiki zilizofuata mtama uliota katikati ya njia, pojo zikaota mlangoni kwa akina Athmani na ukutani mwa msikiti. Nyanya alizunguka mtaa mzima akionyesha kidole, "Hii yangu. Na ile yangu." Alivuna kwenye nyua za watu, na hakuna aliyembishia. Jabia lilikuwa limepata maji. Ami Hamadi alipokuja kumchukua, Nyanya alimmiminia gilasi moja ya maji, akamtazama akinywa mpaka mwisho, akamsindikiza hadi kwenye boti.

Mimi tangu siku ile nilitembea Chundwa kama sharifu. Wenzangu waliniletea ukoko wa makwao, kwa akiba.

Siku hizi niko Amu, gatini, mikono imejaa grisi. Wakija wageni wa mikutano ya tabianchi, mimi ndiye ninayewatengenezea mashine ikizima njiani. Wananieleza kwamba bahari imepata joto, upepo umesahau zamu zake, mvua inaruka mwaka halafu inakuja ya miaka miwili kwa siku moja. Nawasikiliza, kwa kweli. Mashine nayo ikianza kuruka mapigo, mjinga peke yake hulaumu sauti. Fundi hutafuta kinachoipa joto. Lakini mara moja nilimwuliza mmoja wao, bwana wa bara mwenye koti la mvua siku ya jua kali, "Kwa hiyo ukoko hauna lawama?" Akafikiri namtania. Nilikuwa namtania, na pia nilitaka jibu.

Maana kile kitendawili cha kerengende bado ninacho. Wadudu wanafanya vile vile. Chungu wanapanda ukuta vile vile. Mwaka huu nimewaona kwa macho yangu nilipokwenda Chundwa, wameujaza ua, na Nyanya ameketi kitini anawaangalia kama unavyomwangalia mtu aliyewahi kukukopa. Jabia li kavu tena. Ami Hamadi anapiga simu kila Ijumaa. Na kila Ijumaa Nyanya anamjibu neno moja: "Nangoya arusi ya Shee."

Hapo mbishi mwenye akili angeniuliza: si mvua ya arusi yako ilikwisha kunyesha? Bibi kizee anangoja ipi?

Haya. Kuna kipande nilikiruka.

Athmani aliponiuliza, "Umekubali?", sikujibu. Wala mvua haikunikata kauli. Ilikuja baadaye, baada ya Athmani kurudia swali na watoto kuanza kucheka, na Tima kunifinya chini ya leso. Ningeweza kukwambia niliogopa kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba ndoa haina mzaha. Si kweli. Niliuona ule udi. Niliyaona macho ya Nyanya juu ya moshi, na nikafahamu kwamba yeye hachezi. Nikawaza: nikisema "nimekubali" na mbingu zikabaki bluu, atabakiwa na nini? Nikafunga mdomo. Kisha mvua ikaja yenyewe, haikuniita wala haikunijua, na mimi nikatoa kifua.

Nyanya alikuwa amesimama pale pale. Alisikia nilivyonyamaza. Miaka yote hii amenisikiliza nikijisifu mbele ya watu, hakunikosoa hata siku moja, na kwa kuwa arusi ile haikukamilika, mvua yangu ameihesabu kuwa bado iko.

Sasa nimeposa, binti wa Amu, watu wazuri, hawajui habari ya sufuria. Arusi ni mwezi ujao, na nimeomba ifanywe Chundwa. Nimesema ni kwa heshima ya Nyanya, asisafiri. Ukweli ni kwamba nimeiahirisha mara mbili, na mara zote mbili nilisingizia kazi, na mara zote mbili nilikuwa yule mtoto mbele ya chetezo. Kwamba bahari imepata joto, hilo nalijua. Kwamba akili yangu haiamini ukoko, hilo pia nalijua. Lakini wiki iliyopita, nikiwa peke yangu nyumbani, niliikwaruza sufuria mpaka ikang'aa.

Jana amenipigia simu Tima. Ameolewa zamani, Kizingitini, na arusi yake ilikauka kwa jua mpaka ubani ukapasuka. Alikuwa ametoka kumwona Nyanya. Amemkuta ameajiri vijana, wamelifagia jabia na kulipaka chokaa, bomba limezibuliwa, na masufuria yote ya nyumba yamepangwa uani, midomo juu.

"Amenionyesha na udi," Tima akasema. Nyuma yake watoto wake walikuwa wakigombana. "Shee, safari hii jibu."