Trei Kumi Bila Ufa

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Trei anazikaza trei kumi za mayai kwenye keria ya baiskeli yake kwa mipira ya tyubu kuukuu. Anazitikisa, anakaza tena. Kisha anamgeukia mumewe, fundi cherehani, aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Leo usinisubiri na kikaango," anamwambia.

Mume anacheka. Kwa miaka tisa ya biashara hii, mayai yanayopasuka njiani ndiyo mboga ya nyumba yao.

Leo inafunguliwa njia ya baiskeli, kilomita tatu za lami kutoka darajani hadi sokoni. Na njia hiyo ina mkono wa mwanamke huyu.

Mwaka jana manispaa ilipendekeza kila mwenye baiskeli alipe ada ya mwaka ili njia ijengwe. Kwenye mkutano ukumbini hali ya hewa ikachafuka. Wenye baiskeli wakaapa hawatoi hata senti. Mama Trei akanyoosha mkono, akasema yeye atalipa.

"Walinizomea jamani, acha tu," anakumbuka. "Muuza mikate akaniuliza, 'Dada, wamekuhonga nini?' Nikamwambia, kaka, ngoja nimalize."

Akawapigia hesabu kwa mayai. Ada ni bei ya trei mbili. Mashimo humvunjia mayai manane kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa mwaka ni zaidi ya trei themanini.

"Nikasema, mimi nalipa siku zote, ila nalipia shimoni. Hizo mbili nitatoa kwa moyo mweupe. Lakini njia kwanza, ada baadaye. Nikitoa leo na mashimo yakabaki, nitafunga biashara."

Mhandisi wa manispaa akajibu kwamba barabara si mbaya kiasi hicho. Mama Trei hakubishana naye. Alimkabidhi baiskeli na trei moja, amfikishie sokoni.

"Kati ya mayai thelathini, nilifika na kumi na saba," mhandisi anakiri, mbavu hana. "Suruali niliipeleka kwa dobi, akaikataa."

Ni yeye mwenyewe aliyerudi kulishawishi baraza lijenge kwanza, ada ianze baadaye.

Hadi darajani ameisukuma baiskeli kwa mkono kukwepa mashimo; sasa inaingia kwenye lami mpya. Mama Trei anapiga kengele bila sababu yoyote. Muuza mikate anampita kwa kasi.

"Dada, tusameheane!"

"Pita huko, utaniangushia mzigo!"

Sokoni anafungua mipira na kukagua trei moja baada ya nyingine. Mayai mia tatu, yote mazima. Anarudia kuhesabu, machozi yakimlengalenga huku anacheka. Kisha anakwenda moja kwa moja kwenye dirisha la manispaa kulipa ada.

"Mama, mbona bado miezi miwili?" karani anashangaa.

"Najua, mwanangu. Chukua kabla sijabadili mawazo."

Sasa anaomba njia ivuke daraja hadi mtaani kwake. Siku hiyo ataongeza trei tano, na wifi yake, anayeogopa mashimo, ameahidi kununua baiskeli waingie kazini pamoja.

Jioni mumewe anachungulia keria tupu.

"Hongera, mke wangu. Sasa tunakula nini?"

Mama Trei anatoa mayai manne aliyokataa kuyauza. Anayagonga kwenye ukingo wa kikaango, moja moja, taratibu. Kwa miaka tisa hajawahi kuvunja yai kwa kupenda mwenyewe.