Mumiani wa Karatasi za Chumvi

Duka la Mhindi pale Manundu lilifungia chumvi kwa kurasa za vitabu vya picha vilivyotupwa na Wazungu wa mashamba ya mkonge. Ndivyo fasihi ilivyotufikia, ukurasa mmoja na chumvi, mwingine na dagaa, na mwisho wa hadithi jirani kauwashia moto.

Shujaa tulimdharau tangu siku ya kwanza. Mwanamume mzima, kajifunika uso, kafunga shuka jeusi shingoni na kuvaa chupi juu ya suruali. Bibi yangu, aliyetoka Handeni kuja kutulea baada ya mama kufariki, alimtazama kwa huruma akauliza kama hana ndugu.

Adui ndiye aliyetuingia. Alikuwa daktari mrefu wa koti jeupe na miwani, mkononi kashika bomba la sindano kubwa kama mchi. Alimchoma mtu, na katika picha iliyofuata mtu yule alikuwa mweupe kama ugali. Baba mdogo, msomi wetu, ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa maneno mawili aliyookota akimfulia Mzungu nguo, alizipitia zile herufi taratibu, akatangaza kwamba huyu ni mumiani, ananyonya watu damu, na mambo hayo yametokea Tanga. Ushahidi? Maghorofa yaliyochorwa nyuma yake. Nani abishane na msomi?

Tungecheka tu, ila dada yangu alikuwa na buba. Vidonda vilikuwa vimemla nyayo hata akawa anatambaa kwenda uani, naye ni msichana wa kuolewa. Serikali nayo, hodari wa kuchagua wakati, ikamleta dresa wa hospitali na sindano wiki ile ile. Koti jeupe. Miwani. Baba mdogo alipomwona alirudi mbio, akafunga mlango, akaapa kuwa mtoto wa kaka yake hanyonywi na mtu. Kiapo hicho alikitoa akiwa chini ya kitanda.

Dada akalia. Hakulia kwa kuogopa sindano. Alilia kwa sababu mlango umefungwa.

Bibi akaomba ule ukurasa, akamkodolea macho daktari kwa muda mrefu.

"Huyu anataka damu za vijana," akasema. "Tutaona kama yangu ataiweza."

Akaikaza kaniki yake nyeusi begani, akambeba dada mgongoni, akafungua mlango. Nikawafuata hadi kwenye foleni, ambayo bibi hakuitambua kuwa ni foleni.

"Shikamoo, bibi," dresa akasema.

"Marahaba. Anza na mimi."

"Bibi, una buba?"

"Nina mjukuu."

Dresa akasema basi, anayelala nyumba moja na mgonjwa naye huchomwa. Bibi akachomwa bila kukunja uso, kisha akautazama mkono wake kuona kama unageuka ugali. Dresa naye alisubiri, si kwa kupenda, bibi alikuwa amemshika koti.

"Haya," bibi akasema mwishowe. "Sasa yeye."

Dada alikwenda kwa mumewe, huko Mashewa, kwa miguu yake mwenyewe. Baba mdogo alihutubia harusini, akaeleza jinsi alivyompeleka kwa dresa.

Dada hakumbishia. Aliondoka na ukurasa mmoja wa chumvi, na wanawe wakimuuliza yule wa shuka jeusi ni nani, huwajibu, "Bibi yangu huyo, enzi za ujana, kabla hajajua kuvaa."