Ukurasa wa Pili wa Barua ya Ishaq

Rawda binti Omar alizaliwa Koyama, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayo, akalelewa Kismayo kwa shangazi yake, na huko ndiko alikojifunza kupiga chapa. Kabla ya vita alikuwa karani katika ofisi moja karibu na bandari, Mbajuni pekee katika chumba cha makarani saba. Vita vilipoingia mjini mwaka 1991, ofisi ile iliporwa, mashine za kupigia chapa zikabebwa hata zile mbovu, naye Rawda na shangazi yake wakakimbilia Koyama. Mwaka uliofuata wenye bunduki walifika visiwani, wakachukua mashua, injini na nyavu. Rawda na shangazi yake wakapanda chombo cha watu ishirini, nao walikuwa zaidi ya sitini. Shangazi hakufika. Walimzika Kiunga, siku ya nne ya safari, kwa sanda ya kuomba.

Mombasa, Rawda alikaa kambini miaka mitano. Kambi ilipofungwa, wengine walirudi visiwani na wengine wakapelekwa kambi za bara. Yeye alibaki mjini, kwa sababu Abdulhakim wa Kibokoni, mwenye duka la simu na fotokopi, alikuwa akitafuta mtu anayejua Kisomali na kupiga chapa.

Duka lile likawa posta ya Wabajuni. Aliyekuwa na ndugu Ulaya au Kismayo alitoa namba ya faksi ya dukani, na barua ikija Rawda alimtumia ujumbe mwenye barua, akamsomea ikiwa hajui kusoma. Mashine ya faksi ilipokufa, Abdulhakim alinunua kompyuta ya kupokea faksi. Barua iliingia kwa waya wa simu, ikajihifadhi ndani kama picha, Rawda akaifungua na kuichapa.

Mwanzoni mwa mwaka 2001 Abdulhakim alimleta fundi aweke programu ya kutengeneza picha za pasipoti. Fundi alikaa saa moja, akanywa chai, akaenda zake. Tangu siku hiyo, Rawda akibonyeza faksi, ilifunguka ndani ya programu ile mpya. Aliona inafunguka haraka zaidi, akafurahi.

Mwezi wa pili ikaja barua ya Bimkubwa.

Bimkubwa alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kudhaa, msusi wa mikeka, akiishi chumba kimoja Majengo. Mumewe, Mzamil, alichukuliwa na wenye bunduki karibu na Burgao mwaka 1992, na tangu hapo hakusikika. Watu walimshauri aende kwa kadhi, afunguliwe ndoa, aolewe. Wawili walimposa. Jibu lake, kwa Kibajuni, lilikuwa moja: “Mchu hafi kwa kuambiwa.”

Barua ilitoka kwa Ishaq, mdogo wake Mzamil, aliyekuwa Kismayo. Rawda alimsomea pale pale kaunta. Ilianza kama zinavyoanza barua za kwetu. Ishaq alimsalimu shemeji yake, akamsalimia kwa jina kila aliyehama naye, akaeleza mvua, akataja waliozaliwa, akawaombea waliokufa. Mwisho wa karatasi iliandikwa: “Na baada ya salamu hizi, shemeji yangu, sababu ya kukuandikia ni kuwa”. Basi.

“Laini imekatika, mamangu,” Rawda akasema. “Siku hizi zakatika sana.”

Alijaribu namba iliyotuma faksi, mara tatu, siku tatu. Ililia bila kupokewa.

“Wacha, mwanangu,” Bimkubwa akasema. “Ikiwa kuna neno, ataandika tena. Salamu nazo ni riziki.” Akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la leso.

Ishaq hakuandika tena.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa nane Mzee Fakihi alipokuja dukani amekasirika. Binti yake, aliyehamia Norwe, alikuwa amempigia simu.

“Mwanangu asema ameniletea kurasa tatu,” akasema. “Wewe wanipa moja, waniambia laini imekatika. Kila mara laini?”

Rawda alitaka kujibu kama kawaida, kisha akageukia kompyuta. Alifungua orodha ya programu ya faksi, ile inayoandika kila kilichoingia, siku na saa yake. Mbele ya barua ya Mzee Fakihi iliandikwa: kurasa tatu. Akaifungua barua yenyewe. Ukurasa mmoja.

Akaifunga. Akabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, akatafuta pale pa kuchagua programu ya kufungulia, akaichagua ile ya zamani. Barua ikafunguka, na pembeni mwake pana mshale mdogo. Akaubonyeza. Ukurasa wa pili ukatokea. Akaubonyeza tena, wa tatu.

Alimchapia Mzee Fakihi kurasa zake zote, akamwomba radhi, kisha akaketi mikono mapajani.

“Nini? Laini?” Abdulhakim akauliza kutoka kwenye fotokopi.

“Laini haina kosa, ami. Ile programu ya fundi imejifanya ndiyo ya kufungulia kila kitu, nayo haijui kurasa. Yaonyesha wa kwanza tu. Zilizobaki zimo humu humu tangu mwezi wa kwanza.”

Alirekebisha mpangilio, faksi zifunguke daima kwa programu ya zamani. Haikumchukua dakika mbili. Halafu akaanza kuzifungua barua za miezi minane, moja baada ya nyingine. Zilizokatwa zilikuwa arubaini na moja.

“Waite wachukue,” Abdulhakim akasema. “Waambie zimechelewa. Usiwaeleze mengi, watatukimbia.”

“Nitawaeleza, ami. Mimi ndiye niliyewaambia laini imekatika.”

Barua ya Bimkubwa ilikuwa ya kumi na moja. Rawda alisoma ukurasa wa pili amesimama, akausoma tena. Hakuzichapa nyingine siku ile. Alivaa buibui lake akaenda Majengo.

Bimkubwa alikuwa barazani na ukili mkononi. Rawda hakuketi. Alieleza kosa lote kwanza, kisha akasoma:

“‘Mzamil yu hai. Miaka yote walimfanyiza kazi ya kupiga mbizi kuwavua kamba mawe miambani, na alipougua kifua wakamtupa Burgao. Sasa yuko nami. Hali yake si nzuri na ataka kuisikia sauti yako. Kila Ijumaa asubuhi nitamleta kwenye duka la simu lenye namba iliyo hapa chini. Piga, shemeji. Atangoja.’”

Bimkubwa aliuweka ukili chini. “Barua ya lini?”

“Mwezi wa pili.”

“Na huu wa nane.” Akainuka, akajitanda leso. “Twende kwenye simu.”

Abdulhakim aliwaachia kibanda cha simu akatoka nje. Mwenye duka la Kismayo alipokea, akasema atamtuma mtu kumwita Ishaq. Walipopiga mara ya pili, Ishaq alikuwapo. Rawda alisikia upande mmoja tu. “Mimi Bimkubwa,” kisha, “Lini?” Mwisho Bimkubwa akasema, “Sikuolewa. Mwambie kila mchu. Sikuolewa.”

Mzamil alikuwa amekufa mwezi wa tatu. Ijumaa mbili alikaa kwenye benchi la duka lile hadi adhana ya adhuhuri. Ijumaa ya tatu hakuweza kuinuka. Jamaa walidhani Bimkubwa ana mume mwingine, na Ishaq akaona aibu kuandika tena. Mzamil mwenyewe alisema, “Akiwa ameolewa, ni haki yake. Msimlaumu.”

Kesho yake Bimkubwa alikwenda kwa Sheikh Abdulhamid, aliyesomesha chuoni Kismayo zamani, kumuuliza akae eda wapi. Sheikh alihesabu miezi kwa vidole, akahesabu tena, ndipo akamwambia kwa upole kuwa eda huanza siku ya kifo, si siku ya habari. Miezi minne na siku kumi imeshapita. Hana eda ya kukaa.

“Nilikuwa eda nami sijui,” Bimkubwa akamwambia Rawda, aliyemngojea mlangoni. “Nilicheka arusini. Nilijipaka hina.”

“Nisamehe, mamangu.”

Bimkubwa alimtazama. “Mashine haina macho. Wewe unayo. Wino wasema ‘sababu ya kukuandikia ni kuwa’, nawe waniambia laini.” Kisha akasema, “Nimekusamehe, lakini nipishe sasa.”

Rawda alizipeleka kurasa za barua zilizobaki kwa mkono, nyumba kwa nyumba, hadi Kisauni na Likoni. Wengine walimshukuru, mmoja alimfungia mlango. Kazi hakuiacha. Kila faksi iliyoingia aliilinganisha na orodha, akaandika kwa kalamu juu ya kila karatasi ni ya ngapi kati ya ngapi, na hakumpa mtu barua kabla hajahesabu mbele yake.

Bimkubwa hakukanyaga dukani mwaka mzima. Kila mwaka, mwezi wa tatu ukifika, alisomesha hitima nyumbani kwake, na kuanzia ya kwanza alimpelekea Rawda mwaliko. Rawda alikwenda, akaketi nyuma pamoja na wanawake wa Koyama, akaitika amina pamoja nao.