Goli Ambalo Evelio Hakulishangilia

Kwetu Valdehiguera mtu anaweza kumsamehe jirani aliyesogeza jiwe la mpaka, hata mke aliyetoroka na muuza vigae. Mpira ni shauri jingine. Nimeuza mbegu za alizeti na mikate ya soseji kwenye kibanda cha uwanja wetu tangu mume wangu akiwa hai, na matusi niliyoyasikia pale ni mengi kuliko dhambi alizozisikia padri. Kwa hiyo habari za Evelio Carrizosa asije mtu akanisimulia mimi. Ninazo.

Baba yake, Nicasio, ndiye mtunza uwanja. Hukata nyasi, huchora mistari kwa chokaa, na funguo zote zinaning'inia kiunoni mwake. Mkewe alifariki Evelio akiwa hajaanza shule, na mtoto akakulia pale pale pembeni mwa mistari, chakula chake akikipata kibandani kwangu. Nicasio hakuwa mtu wa kukumbatia. Mtoto akianguka akalia, alimwambia, "Inuka, unaniharibia nyasi."

Evelio akawa kiungo mkabaji. Hakuwa wale wa kupiga chenga watu watatu huku wasichana wakipiga vigelegele. Yeye alikuwa wa kunyang'anya mpira, kuutuliza, kisha kumpa mwenzake aliye karibu, mara nyingi pembeni au nyuma. Timu isiyokuwa na mtu wa namna hiyo hufungwa manne na mashabiki wake hawajui kwa nini. Wa kwetu hawakujua pia. Walimbatiza jina Kaa, yule mnyama wa pwani anayetembea kiubavu, na kila Jumapili ilikuwa ni hayo tu.

"Kaa! Huko nyuma umesahau nini?"

"Pasi ya mbele umeiwekea akiba ya harusi?"

Yeye alicheka, akaendelea kukimbia. Alipokuwa kijana klabu moja kubwa ya mjini ilimchukua, ikamkalisha benchi misimu miwili na koti zito mwilini, ikamrudisha na goti bovu. Hakulalamika. Akavaa kitambaa cha unahodha hapa kwetu, daraja la tatu, akasafiri na basi nchi nzima kwenda kupigwa mateke kwenye matope ya watu. Mpira ndio uliomlisha, ingawa haukumnenepesha.

Alikuwa na hamu moja tu maishani, na aliisema kibandani kwangu hadi nikaichoka: siku ya kutundika daluga, aagwe kwenye uwanja wa baba yake, na mzee ashuke mpaka katikati ampe mkono mbele za watu.

"Mkono tu, Shangazi Casilda. Sitaki sanamu."

"Baba yako mkono huo anautumia kushikia ndoo," nilimwambia. "Subiri autue kwanza."

Kisha akaja rais mpya wa klabu, Don Abundio, mwenye kiwanda cha matofali, mtu anayeongea na binadamu kama anavyoongea na tanuri. Akaleta vijana wenye nywele za kupaka mafuta. Evelio alisikia redioni kwamba ameachwa, akiwa amekaa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Alipofika uwanjani akakuta kabati lake tupu. Nicasio alikuwa ameagizwa alisafishe, naye akalisafisha. Daluga, soksi, bandeji za goti, vyote akavitia kwenye mfuko mweusi wa taka na kumkabidhi mwanawe mlangoni.

"Mzee, hata hukuwauliza kwa nini?"

"Niwaulize nini? Umri wako naujua. Nilikuwepo ulipozaliwa."

Nilitaka kumpiga Nicasio kwa sufuria. Mpaka leo nataka.

Goti lile hakuna aliyelihitaji, isipokuwa Los Arenales, ng'ambo ya mto. Hao ni watani wetu, na utani wenyewe umeshavunja meno ya watu. Evelio alikubali, maana hakutaka kwenda mbali na mzee wake anayezeeka. Kila Jumatatu alivuka daraja kumletea mkate na jibini. Nicasio alipokea mkate.

Msimu ukafika Jumapili yake ya mwisho, na ratiba, kwa roho mbaya iliyo nayo, ikawaleta Los Arenales kwetu. Sisi tulihitaji sare tu ili tusishuke daraja. Wao hawakuhitaji kitu. Walikuwa katikati ya msimamo, hawapandi wala hawashuki. Wiki nzima watu walipita kwa Nicasio kumnong'oneza amwambie mwanawe awe na utu.

Jumatatu ile nilikuwepo nyumbani kwake. "Usitufunge," Nicasio alisema bila kugeuza kichwa.

"Mzee, mimi nimefunga mara ngapi maishani mwangu?"

Tukacheka sote watatu. Ni kweli, magoli yake yote ungeyahesabu ukiwa na mkono mmoja mfukoni.

Sasa, kwetu kuna adabu. Mchezaji akiifunga timu iliyomlea hashangilii. Huinua viganja, huinamisha kichwa, kama mtu anayeomba radhi msibani. Watu wa nyumbani humpigia makofi mawili matatu na mambo yanaisha. Ni desturi nzuri, na inafaa sana pale goli linapokuwa la nne katika mchezo ulioshakwisha. Evelio hakuwahi kufikiria zaidi ya hapo, wala nani angefikiria? Adabu tunafundishwa, mipaka yake hatufundishwi.

Kipindi cha pili kilikuwa kinakaribia kwisha, bado sifuri kwa sifuri. Los Arenales wakapiga kona, mpira ukaondoshwa, ukamdondokea Evelio nje ya eneo la hatari. Nyuma hapakuwa na mtu wa kumpa. Pembeni hapakuwa na mtu. Akaupiga ili uondoke tu. Ukamgonga mgongoni mmoja wa vijana wa Don Abundio, ukageuka, ukaingia taratibu kama mgeni anayeogopa kuchafua zulia.

Wenzake walimrukia, akawasukuma. Akainua viganja. Angeishia hapo labda tungesema ni bahati mbaya. Lakini yeye alitembea, viganja juu, kichwa chini, mpaka mbele ya jukwaa kuu, akasimama pale akisubiri makofi. Aliyasubiri kweli. Nilimwona machoni.

Chupa ya kwanza ilirushwa na Ramiro, mchinja nguruwe. "Mnafiki! Ungeshangilia basi, tukuchukie vizuri!"

"Umetuchinja halafu unatuombea dua?"

Mbegu zangu za alizeti zote zilimwagikia kichwani mwake, na mate pamoja nazo. Upande wa pili wa uwanja mashabiki wa Los Arenales nao walianza kumzomea.

"Kaa! Wewe unachezea nani?"

"Goli letu unalililia? Rudisha jezi!"

Kocha wake akamtoa hapo hapo. "Kama unawaombolezea, nenda kakae nao," akamwambia, na hakumpa hata koti.

Mlango wa kwenda vyumba vya kubadilishia nguo uko jirani na kibanda changu, na Nicasio alikuwa amesimama hapo. Alipomwona mwanawe anakuja, akafunga. Nilisikia ufunguo.

"Mzee, nipishe."

"Wageni wanapita mlango wa kule."

"Mzee, ni mimi."

"Naona ni nani. Wageni kule."

Mlango wa kule uko mwisho wa jukwaa kuu. Ilimlazimu apite tena mbele ya watu wote, na hakuna aliyekosa cha kumrushia. Nilimpigia Nicasio kelele kwamba ni mnyama. Akanijibu kwamba sheria za uwanja hazikuandikwa na yeye.

Tulishuka daraja. Don Abundio akaondoka na vijana wake na nywele zao. Los Arenales hawakumpa Evelio mkataba mwingine, maana nani anamtaka mtu anayefanya matanga kwa goli lake mwenyewe? Mwezi wa nane ulipoingia hatukuwa hata na wachezaji wa kutosha kujaza basi, na ndipo Evelio alipokuja kwangu. Alikuwa amekonda. Aliniomba nifikishe neno kwenye mkutano wa wanachama: atacheza msimu mmoja, bure, popote watakapompanga. Mwisho wa msimu wamuage. Ndilo ombi lake.

Mkutano ulifanyika baa ya uwanjani, jioni, kwa kunyoosha mikono kama kawaida yetu. Nililifikisha neno. Nilitegemea matusi, lakini sisi ni watu wa ajabu: hasira yetu kubwa, ubahili wetu mkubwa zaidi.

"Bure kabisa?" akauliza mmoja.

"Bure."

"Bure hata mama mkwe wangu ningempanga mbele."

Ramiro mwenyewe akakuna kidevu. "Alitukosea. Lakini kukaba anajua, tusidanganyane." Akanyoosha mkono. Wengine wakafuata. Nilishaanza kupumua.

Nicasio akasimama kutoka meza ya nyuma. Hakupandisha sauti. "Akirudi yeye, naondoka mimi. Nyasi mtakata nyinyi."

Watu wakatazamana. Kiungo wa miaka thelathini na kitu, mwenye goti la bandeji, anapatikana popote. Mtu wa kuamka alfajiri kumwagilia uwanja ule kiangazi chote kwa ujira ule hapatikani. Mikono ikashuka, mmoja baada ya mwingine, na Ramiro akajifanya alikuwa anamwita mhudumu amletee bia.

Evelio alikuwa anasubiri ndani ya gari, nyuma ya kanisa. Alishusha kioo.

"Wamekataa, mwanangu."

Akatikisa kichwa kana kwamba alilitarajia. "Na mzee? Amesemaje?"

Nililitazama lile shati alilolipiga pasi kwa ajili ya mkutano ambao hakuruhusiwa kuingia. "Mzee amenyamaza," nikasema.

Uso wake wote ukafunguka. "Hakusema kitu? Hata neno?"

"Hata neno."

"Basi moyo umeanza kulegea, Shangazi. Namjua mzee wangu. Angekuwa bado na hasira angesimama mbele za watu aseme." Akanishika mkono kwa nguvu, akaubusu. "Nitampa muda. Nitakuwa nampigia simu, polepole, atapokea tu."

Akaenda zake kaskazini, ambako anapakia samaki kwenye malori. Naambiwa anachechemea. Na ahadi yake ameitimiza: kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, anapiga.

Jumapili iliyopita nilimpelekea Nicasio supu ya dengu, kwa kuwa mafua yamemlaza na hakuna mwingine wa kumpelekea. Tulikuwa tumemaliza kula simu ilipoanza kulia pale ukutani, nyuma ya kiti chake. Ikalia mpaka ikakatika. Ikaanza tena.

"Nicasio," nikamwambia, "simu inalia."

"Naisikia," akasema, na akaendelea kumenya chungwa lake.