Ushuhuda wa Kopo

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilisimama kanisani kwetu Chamazi, nikashika maiki, nikatoa ushuhuda wa mimba ambayo haikuwepo.

Usicheke kwanza. Nilikuwa mwaka wa nne wa ndoa, sijashika ujauzito. Wifi yangu Neema, mdogo wake mume wangu, naye alikuwa hana mtoto. Tulikuwaga tunalia pamoja. Ghafla tumbo lake likachomoza. Mie, Mungu anisamehe, nililiangalia lile tumbo kama vile kaniibia. Wazee walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Nilikonda kweli, magauni yakanipwaya.

Siku moja nikiwa kwake nikaona juu ya friji lake kopo la vidonge vya kubalansi homoni. Nikajisemea, kumbe siri yenyewe hii! Sikumuuliza. Ningemuulizaje na roho imenivimba? Nikamtafuta dada anayeviuza, akanionyesha kwenye simu shuhuda za akina mama na picha za vichanga, nikanunua kopo langu, nikaanza kumeza. Na sie walokole tumezoea: mtu akishuhudia unaitikia amina, humdai cheti cha daktari. Mwezi wa pili siku zangu zikakata. Sikupima, nikakimbilia maiki. Neema akanikumbatia analia kwa furaha. Mie moyoni nasema, umeniona sasa?

Wiki ya tatu baada ya ushuhuda damu ikaja kwa fujo. Kliniki nikamkuta nesi mtu mzima, akanipima, nikamweleza habari za vile vidonge.

"Homoni gani ilipungua?"

"Sijui, mama."

"Nani alikupima?"

"Hakuna, ila niliona shuhuda."

Akavua miwani. "Binti, ushuhuda wa kanisani unamtukuza Mungu. Ushuhuda wa kopo unauza kopo. Homoni anaandika daktari, tena baada ya vipimo. Hivi vya kujinunulia, hakuna aliyethibitisha kwamba vinaleta mimba. Huna mimba, na siku zako huenda umezivuruga mwenyewe."

Jioni Neema akaja na chupa ya uji. Nikamwambia yote.

"He! Wifi, lile kopo nilipewa tu, hata sijalifungua! Mie na shemeji yako tulitibiwa hospitali, wote wawili. Si ungeniuliza?"

Nilikosa pa kuficha uso. Jumapili iliyofuata nikarudi mbele, nikasema ukweli. Kisha mie na mume wangu tukaenda kupimwa. Mwaka wa saba wa ndoa nilijifungua, ila sikwambii tulitibiwa kwa kitu gani, usije nawe ukakikimbilia.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Mwenzio akipata, muulize kapitia wapi, hata kama moyo unakuuma. Na ukipewa kitu cha homoni umeze, uliza: kimethibitishwa, au kinasifiwa tu? Na mie nimepimwa? Nenda na mumeo, asibaki nyumbani.

Mungu akupe haja ya moyo wako kwa wakati wake, na furaha ya mwenzio isikuchome kifuani. Amina.