Mafuta ya Magoti ya Mama Mkwe

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana wengi wa kanisani kwetu wanafuata ukurasa huu.

Nina miaka 33, Mkongo, naishi Isipingo, Afrika Kusini, na mume wangu na mama yake. Mwaka wa pili sasa nauza dukani hapa Durban: mafuta, krimu, chai na pipi za CBD, kitu kinachotolewa kwenye mmea wa bangi ila hakilevyi. Sheria ya hapa inamruhusu mtu mzima kutumia bangi faraghani. Kuuza majani yenyewe bado ni kosa, na sisi hatuyauzi. Bidhaa kama zetu hata famasi zipo. Nyumbani nilisema nauza vipodozi.

Mama mkwe aliteseka sana na magoti. Nikamletea mafuta ya kuchua. Lebo ilikuwa na picha ya lile jani, nikaibandua. Hapo ndipo nilipokosea. Alipoanza kushuka ngazi bila kushikwa, akaipeleka chupa kwenye maombi ya akina mama. Chupa haina jina na imeponya, basi wakajua ni mafuta ya upako. Wakapakana kwenye paji la uso, na watoto wao pia.

Wiki iliyofuata mke wa mchungaji akaniuliza mbele ya wote, "Dada, ile mafuta uliipataka wapi?" Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikasema.

Mama mkwe akaniambia, "Kumbe ulitupakaa bangi." Tangu siku hiyo hali chakula changu. Mchungaji ameamua Jumapili hii nisimame mbele, nitubu kwamba niliwapaka watu wa Mungu uchafu, na niache kazi. Nikikataa, nihame nyumba ya mume wangu. Mume wangu kasema tu, "Fanya vile mchungaji anasema," akaendelea kula. Sikulia. Niliosha vyombo, nikapiga pasi shati lake la Jumapili. Hata hasira sina, nimekufa ganzi.

Jana mchana, mume akiwa kazini, mama mkwe akaja jikoni akishika ukuta. Magoti yamevimba tena. Akafunga mlango, akasema polepole, "Mwanangu, ile mafuta, haikubakiaka hata kidogo?"

Yalikuwepo. Nikakaa chini nikamchua. Nilipomaliza akashusha kitenge chake. "Usiambie mtu."

Jumapili atakaa mstari wa mbele, anisikilize nikitubu. Ndugu zangu, nishaurini, nikisimama pale niseme nini?